Mtumbwi wa Jumamosi

Kitu ambacho mtu amekifanya katika saa zake mwenyewe, bila kutumwa na bila kulipwa, je, watu wengine wana haki ya kukidai? Nimekuwa nikijiuliza swali hili tangu kiangazi kilichopita. Kila ninapodhani nimelipatia jibu, namkumbuka Karani akipitisha kiganja chake juu ya pua ya mtumbwi wake, na jibu lenyewe linaniponyoka kama kambare.

Simwiti Karani ili nimfiche. Ndivyo alivyoitwa na kila mtu, mkewe akiwemo. Kwa miaka mingi alikaa nyuma ya kaunta ya posta pale Garsen, akigonga mihuri kwa mkono mzito na kuwakemea waliolamba stempu upande usiofaa. Alipostaafu, kazi ilimwacha lakini jina lilibaki. Mahali alipozaliwa na ukoo wake sitavieleza. Yeye mwenyewe alipoulizwa alijibu kwamba mambo hayo yalitokea kabla hajapata akili ya kuyasimamia.

Kijiji chetu kiko ukingoni mwa Tana, mbele kidogo ya Wema ukishuka na mto. Kutoka huko Karani alikwenda kazini kwa baiskeli, tai ikiwa imekunjwa mfukoni ili isishike vumbi. Aliifunga alipofika mlangoni mwa posta na kuifungua pale pale mlangoni jioni. Sikuwahi kumwona akiwa na tai kijijini, hata kanisani, hata kwenye arusi ya binti yake, jambo ambalo mkewe alilizungumzia kwa uchungu kwa muda mrefu kuliko ndoa yenyewe ya binti huyo ilivyodumu. Kwa Karani, tai ilikuwa ya kazi, na kazi ilikuwa na mahali pake.

Alikuwa na kauli moja aliyoirudia mpaka sisi watoto tukaijua kwa moyo. "Kuna saa za Serikali, kuna saa za Mungu, na kuna saa zangu. Za Serikali nalipwa. Za Mungu nitalipwa. Zangu ndizo pekee ambazo mlipaji ni mimi."

Saa zake alizitumia kuchonga mtumbwi.

Mwaka mmoja upepo uliangusha mkuyu mkubwa karibu na mto, mahali ambapo hapakuwa na shamba la mtu, na Karani akawaomba wazee ruhusa ya kuutumia. Kwetu mtumbwi huchongwa pale pale mti ulipoangukia. Na kuna desturi nyingine, ambayo bila kuijua huwezi kuelewa lolote katika habari hii: mtumbwi ambao haujakwisha hauguswi na mkono wa mtu mwingine. Hausogezwi, haurekebishwi, haufutwi hata matope. Ni mchongaji peke yake anayeweza kusema, "Umekwisha." Akishasema hivyo, huwaita watu waje na kamba, na kila anayeshika kamba hulishwa siku hiyo, asiulizwe ametoka wapi.

Fundi wa mitumbwi, anayeishi kwa kazi hiyo, humaliza mmoja kabla mahindi hayajakomaa. Karani alianza wake nilipokuwa shule ya msingi. Nilimaliza sekondari, nikaenda chuo kikuu, nikaajiriwa Hola, nikaolewa, nikaanza kuvaa miwani ya kusomea, na Karani alikuwa bado anachonga.

Si kwamba hakujua. Upande wa mbele ulikuwa kazi ambayo sijaona mfano wake kwenye mto mzima. Ile pua, yaani omo, ilipanda kwa mkunjo mwembamba kama shingo ya korongo anayesikiliza, na mbao yake ilikuwa laini hata ungetamani kuilazia shavu. Lakini nyuma ilikuwa bado gogo, na katikati tumbo lilikuwa limechimbuliwa nusu. Jumamosi moja angechonga asubuhi nzima. Jumamosi nyingine angeketi juu yake na chupa yake ya chai, tezo lake la kuchongea likiwa magotini, asichonge hata unyuzi, na jioni akarudi nyumbani akiwa na uso wa mtu aliyefanya kazi nyingi.

"Utakwisha lini, Karani?" watu walimuuliza.

"Utakapokwisha."

"Na una faida gani?"

Swali la faida lilimchoma. Nakumbuka fundi mmoja wa mitumbwi, mtu wa mzaha, alipita akiwa amebeba makafi yake begani na kusema, "Karani, hili ni jeneza la kiboko?"

"Ni lako," Karani akamjibu bila kuinua macho. "Kila ukipita nakupima."

Hakuwa mpole, na sitaki msomaji amfikirie kuwa alikuwa mzee mnyenyekevu aliyejaa hekima. Alikuwa na majivuno. Alipenda kusifiwa ile pua, na aliyeisifu alionyeshwa tena kutoka upande wa pili. Alikuwa mchoyo wa vyombo vyake. Tena, jambo ambalo lilituchekesha sote ingawa si mbele yake, aliogopa maji. Hakujua kuogelea, na kila ilipobidi avuke mto alikaa katikati ya mtumbwi wa watu, macho ameyafumba, mikono imeshika kingo kama mtoto anayechanjwa. Mtu aliyeogopa mto alitumia umri wake wa mapumziko kuchonga chombo cha mtoni. Nilipokuwa mkubwa wa kutosha kumuuliza kuhusu hilo, alinitazama kwa mshangao wa kweli. "Nani amekwambia nitaupanda?"

Siku moja mtu alitoka mbali, nadhani upande wa Kilelengwani, akiwa na barua ya haraka. Alikuta posta imefungwa, akaelekezwa mpaka kwenye mkuyu. Jasho lilikuwa likimtiririka.

"Karani, nakuomba stempu tu. Nitaipeleka mwenyewe kwenye basi."

"Karani unayemtafuta yuko Garsen," akamjibu. "Anafungua Jumatatu."

"Lakini Karani si ni wewe!"

"Mimi ni mtu aliyeketi juu ya gogo."

Yule mtu alimtazama, akanitazama mimi niliyekuwa karibu, akaondoka akisema peke yake. Nilimhurumia, na mpaka leo sijui kama Karani alikosea. Ila najua kwamba Jumatatu ile alitoka nyumbani mapema kuliko kawaida na kumkuta yule mtu amelala barazani pa posta. Alifunga tai yake pale mlangoni, akafungua, akamhudumia kabla ya wote, akamnunulia na chai. Kwake hayo hayakupingana.

Mimi nilikuwa karibu kwa sababu nilikuwa nimempata Karani kama mahali pa kusomea. Nyumbani tulikuwa wengi na kelele zilikuwa nyingi zaidi. Mwaka wa mtihani wa kidato cha nne nilianza kwenda kukaa kwenye kivuli cha mizizi ya ule mkuyu iliyong'oka, na kitabu cha kemia. Jumamosi ya kwanza alinivumilia. Ya pili alinijia.

"Hicho ni kitabu gani?"

"Cha kemia, babu."

"Utaulizwa yaliyomo?"

"Ndiyo, kwenye mtihani."

"Basi hiyo ni kazi. Kaifanyie kazini. Ukija hapa, lete kitabu ambacho hakuna atakayekuuliza yaliyomo."

Nilikasirika, maana nilikuwa na hofu ya mtihani na yeye alikuwa na mshahara. Lakini Jumamosi iliyofuata nilikuja na kitabu cha hadithi nilichokiazima kwa mwalimu, na nikakaa mpaka jua lilipoteremka. Nimesoma vitabu vingi tangu siku hiyo, vingi vikiwa vya kuulizwa. Ladha ya kile cha mkuyuni sijaipata tena. Hivi sasa, nikiwa mtu mzima mwenye kazi ya ofisi, saa zangu nazimaliza kwenye simu, nikipandisha picha za watu nisiowajua kwa kidole gumba, na nikimaliza najiona nimechoka kuliko nilipoanza. Nasema hivi si kwa kujilaumu bali kwa kueleza kwa nini, kila niliporudi kijijini mwishoni mwa juma, nilipita kwanza pale kwenye mtumbwi. Nilikwenda kuhakikisha kwamba bado yuko mtu mmoja anayejua kupumzika.

Hata hivyo, kuna siku fundisho lake lilishindwa, na alikubali kwamba lilishindwa. Nyuma ya duka la miraa kuna benchi ambalo vijana hukalia tangu adhuhuri. Karani alikuwa akipita na baiskeli, akasimama, akawauliza kwa sauti ya kaunta, "Nyinyi mnapumzika kutokana na nini?"

Kijana mmoja aitwaye Komora, mwana wa jirani yetu, ambaye alimaliza shule na kukaa, akamjibu bila hasira. "Kutokana na kukosa kazi, Karani. Hiyo nayo inachosha. Wewe weekend yako inaanza Ijumaa. Yetu ilianza tulipomaliza shule, na haijaisha."

Vijana walicheka. Karani alipanda baiskeli yake akaondoka. Jioni ile aliniambia, "Leo nimepigwa." Kisha akaongeza, "Mtu asiyekuwa na saa za Serikali hawezi kuwa na saa zake. Sikuwa nimeliwaza hilo." Tangu siku hiyo alimsalimu Komora kwa heshima ambayo hakuwapa watu wa rika lake mwenyewe.

Sasa nifike kwenye kiangazi chenyewe.

Mafuriko ya mwaka uliotangulia yalikuwa yameula ukingo wa mto upande wetu. Tana haina adabu ya kukaa mahali pamoja. Ilibomoa kingo na kuyafukia mashamba mengine kwa mchanga, kisha ikaacha ukuta wa udongo pale palipokuwa na malka, yaani njia ya zamani ambayo mifugo ilishukia kunywa. Ng'ombe hawezi kuteremka ukuta. Mteremko pekee uliobaki, kutoka kwetu mpaka mbali sana, ulikuwa ile kanda nyembamba ulipolala mtumbwi wa Karani. Kulia kwake palikuwa na shamba la mahindi la baba yake Komora. Kushoto palikuwa na kichaka cha miiba na maporomoko.

Mvua zikakosekana. Wafugaji wakaanza kuteremka kutoka malisho ya juu, wengine wakitokea huko Bangale, na mifugo iliyobaki mbavu. Walipofika mtoni walikuta njia imezibwa na gogo lenye shingo ya korongo. Ng'ombe wenye kiu hawapangi foleni. Waliuzunguka mtumbwi kwa kusukumana, na waliosukumwa upande wa kulia waliingia kwenye mahindi. Ndama wao waligoma kukaribia maji kwa sababu mamba walikuwa wamekwisha kuzoea kuwangojea pale. Siku moja mtamba wa mzee aitwaye Barisa alisukumwa na wenzake juu ya ile pua nyembamba, ikamchoma ubavuni, akafa usiku huo.

Yeyote aliyeishi katika nchi yetu miaka ile ya moto, ambayo hatupendi kuitaja, anajua jinsi mambo yanavyoanza. Huanza na mahindi, huanza na mtamba mmoja. Wazee wa pande zote mbili walikutana, na wote walikubaliana kwamba mtumbwi uondolewe. Lakini nani auondoe? Haujakwisha. Anayeugusa hafanywi kitu, ila hatakuwa na uso wa kukaa na watu. Wafugaji nao waliijua desturi hiyo, maana tumeishi pamoja muda mrefu na kila mmoja anazijua haramu za mwenzake. Vijana wao wakasema, basi utachomwa, moto hauna mkono. Vijana wetu waliposikia hivyo wakaanza kuulinda.

Chifu alinipigia simu Hola. Sauti yake ilikuwa ya mtu asiyelala. "Dada, wewe Karani alikuachia ukae pale. Mimi ananijibu kama mteja aliyekosa stempu. Njoo uzungumze naye kabla watu hawajazungumza kwa mapanga."

Nilifika Ijumaa alasiri. Karani alikuwa kwenye mkuyu, lakini hakuwa ameketi juu ya mtumbwi. Waliokuwa wameukalia, kwa hoja kwamba desturi inakataza mkono, si makalio, walikuwa Komora na wenzake, wamejipanga kutoka omo mpaka kwenye gogo la nyuma, na mmoja alikuwa akinoa panga kwa jiwe, taratibu, bila kuangalia panga lenyewe. Karani alikuwa amesimama pembeni kama mgeni asiyekaribishwa. Alikuwa amekonda. Shati lake la Jumamosi, lenye kiraka begani, lilimning'inia.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba. Umetumwa."

"Nimetumwa."

"Basi uko kazini. Sema."

Nilimwambia aliyoyasema chifu. Nilimwambia pia niliyoyaona njiani: wanawake waliokuwa wakifungasha vyombo bila kusema wanakwenda wapi, na duka la miraa lililofungwa mchana. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema jambo ambalo lilinitia hofu kuliko lile panga.

"Unawaona hawa? Niliwahi kumuuliza yule anapumzika kutokana na nini. Sasa amepata kazi. Na kazi yenyewe ni mimi."

Kabla sijajibu, vijana walisimama wote kwa pamoja. Barisa alikuwa akiteremka ile njia, peke yake, bila mifugo, fimbo ikiwa mabegani na mikono imening'inia juu yake. Ilikuwa dhahiri kwamba aliiweka mikono yake hivyo makusudi ili ionekane.

"Asalaam aleikum," alisema, na mimi na Karani tu ndio tuliomwitikia.

"Mzee, hapo panatosha," Komora alisema. "Usikuje karibu."

Barisa alisimama. Hakumtazama Komora. "Karani, mimi sikuja sababu ya mtamba. Mtamba imekufa, imekwisha. Nimekuja kuuliza neno moja tu. Hii mtumbwi itaisha lini?"

"Utakapokwisha," Karani alisema. Ulimi wake ulijibu wenyewe kwa mazoea, na niliona kwamba alijuta kabla neno halijatua.

"Sawa." Barisa alitikisa kichwa polepole. "Kesho asubuhi ng'ombe iko hapa. Haiwezi ngoja tena. Mimi nimeambia vijana yangu wasibebe mkuki. Wamesema ndiyo. Lakini ni mdomo imesema ndiyo. Macho haikusema."

"Wakuje tu!" mmoja wa vijana alipaza sauti. "Watatupata hapa hapa!"

"Komora," Karani alisema, "shukeni hapo. Nendeni nyumbani."

"Karani, wewe tulia. Sisi tunakulindia mali yako."

"Nani amewatuma?"

"Hakuna mtu ametutuma."

"Nani anawalipa?"

"Hatulipwi." Komora alikuwa amepandisha mguu juu ya omo, na panga lilikuwa limelala pajani mwake. Alisema kwa upole, kama mwanafunzi anayerudisha somo. "Hatulipwi na hatukutumwa. Hizi ni saa zetu. Si ndivyo wewe mwenyewe ulivyotufundisha?"

Nimesikia watu wengi wakijibiwa maneno yao wenyewe. Sijaona hata mmoja aliyetikisika vile. Kule kunoa kulikuwa kumekoma. Tulisikia maji yakipita, na mbali, upande wa malisho, kengele ya mbao ya ng'ombe mmoja aliyekuwa hawezi kungoja mpaka kesho.

Karani aliuendea mtumbwi. Komora alimpisha, maana hilo hakuweza kulizuia. Mzee aliweka kiganja chake juu ya ile pua na kukipitisha kutoka chini mpaka kwenye ncha, mara moja, kama mtu anavyompapasa mnyama kabla ya kumchinja.

"Umekwisha," alisema.

Hakuna aliyeelewa.

"Nini imekwisha?" Barisa aliuliza.

"Mtumbwi. Umekwisha."

"Karani!" Komora alitupa mkono kuelekea nyuma. "Huku bado ni gogo tupu! Tumbo halijafika nusu! Ukiingia majini huu utazama kama jiwe!"

"Mchongaji ni wewe?"

"Hapana, lakini—"

"Basi umekwisha. Na sikusema unaingia majini." Alimgeukia Barisa. "Ndama wako wanakunywa wapi?"

"Hawakunywi vizuri. Wanaogopa mamba. Tunawabebea maji na ndoo, wanamwaga."

"Kesho asubuhi leteni kamba zenu. Tutauvuta ukae kando ya mahindi, uwe ukuta kwa shamba la baba yake huyu, na hilo tumbo liwe hori la ndama wako. Njia itabaki wazi." Kisha, kwa sauti ile ya kaunta: "Watu wote waje. Atakayeshika kamba atakula. Wali na maharagwe, chakula kisichomuuliza mtu dini yake."

Barisa aliishusha fimbo yake mabegani na kuisimamisha chini. Kwa watu wake, hilo lilitosha kuwa jibu.

Vijana walibaki wamesimama. Nadhani walikuwa wamejiandaa kwa kila jambo isipokuwa hilo. Komora alitafuta pa kuipeleka hasira yake. "Na maji ya kujaza hilo hori, nani atayateka?"

"Mtu mwenye muda," Karani alisema.

Mmoja wa wenzake Komora alicheka, akajizuia, akacheka tena. Komora mwenyewe hakucheka, lakini aliteremka.

Tulirudi kijijini mimi na Karani, jua likiwa bado juu ya miti. Nilikuwa na furaha, na furaha ilinifanya niseme ovyo. Nilimwambia kwamba ameokoa watu. Alisimama njiani.

"Wameshinda," alisema.

"Akina nani?"

"Wale wote walioniuliza una faida gani. Miaka yote hii nilikuwa na kitu kimoja tu kisicho na faida, na nilikilinda. Leo kimepata faida." Akaanza tena kutembea. "Usije ukamwambia mtu kwamba nilifurahi."

Ninajua ni watu wangapi wangeweza kulala mauti kwa ajili ya lile gogo, na ninajua kwamba alifanya lililopaswa. Lakini nilimwona uso. Tulimchukulia kitu, sisi sote, wakulima na wafugaji na mimi niliyetoka Hola na ujumbe wangu. Kwamba alikitoa mwenyewe hakufuti kwamba tulikichukua.

Kesho yake, Jumamosi, watu walianza kufika jua likiwa changa. Vijana wa Barisa walikuja na kamba za ngozi, wakasimama upande wao. Vijana wetu walikuja na kamba za makumbi na kusimama upande wao. Mapanga yalikuwapo, mikuki pia ilikuwapo, imeegemezwa kwenye miti karibu mno. Chifu alikuwa akijifuta shingo kwa leso. Sufuria la wali lilikuwa limekwisha kuinjikwa, na mke wa Karani alikuwa akiuchochea moto kwa ukali kama aliyekosewa na kuni. Hakuna aliyezungumza na wa upande wa pili.

Karani alikuja kwa baiskeli, na watu wakanong'ona. Alikuwa amevaa shati jeupe la posta, limepigwa pasi. Alipofika mwanzo wa ile njia aliegemeza baiskeli, akatoa tai mfukoni, akaifunga pale pale, bila kioo, mpaka fundo likakaa sawa. Nilikuwa mtu mmoja tu mahali pale, labda na mkewe, aliyeelewa anachosema. Zile hazikuwa saa zake.

Alichukua shoka. Ile pua iliyomuua mtamba haikuweza kuachwa karibu na mifugo, na hakuna mkono mwingine uliokuwa na ruhusa. Alikata shingo ya korongo kwa mapigo mazito yasiyo na haraka, kama alivyokuwa akigonga mihuri. Ilipoanguka, Barisa alifumba macho. Komora aligeuka akatazama mtoni.

"Haya," Karani alisema. "Shikeni kamba."

Kamba zilikuwa fupi kwa watu wale wote, kwa hiyo ilibidi wachanganyike. Mara ya kwanza haukutikisika. Mara ya pili kamba moja ilikatika na watu wakaangukiana, akina Komora juu ya akina Barisa, na kwa kitambo kidogo, kirefu mno, hakuna aliyejua kama wanaopapatuana wale wanainuka au wanapigana. Kisha mtu akatukana kwa Kiorma, mwingine akajibu kwa Kipokomo tusi lile lile, na kicheko kikatoka katikati ya vumbi. Mara ya tatu gogo lilinguruma, likasogea, likajigeuza, likakaa ubavuni mwa mahindi. Njia ikawa wazi mpaka majini. Ng'ombe wa mbele hawakungoja kuambiwa.

Karani hakushika kamba. Alikuwa ameketi kwenye mizizi ya mkuyu, mahali nilipokuwa nikisomea. Alifungua tai, akaikunja, akaitia mfukoni. Kisha akaivuta ile omo iliyokatwa mpaka magotini, akatoa patasi ndogo, akaanza kuondoa unyuzi mwembamba pale shoka lilipopita.

Nilimpelekea sahani ya wali. Hakuipokea. Nikachutama kando yake, nikatazama mikono yake kwa muda.

"Babu," nilimuuliza, "hicho kitakuwa nini?"

Alinitazama kama mtu aliyeombwa stempu.

"Karani unayemtafuta," alisema, "anafungua Jumatatu."